Digrii Moja kwa Dakika Kumi

Jumatatu, 2 Machi

Mke wangu amechoka kunisikiliza. Jana alinisukumia daftari hili, moja ya yale anayoandikia vipimo vya wateja wake wa nguo, akasema, "Baba watoto, kesho unaanza kazi mpya. Ukirudi na malalamiko, lalamikia humu. Mimi nina magauni sita ya kumaliza." Basi ndilo hili. Kurasa mbili za mwanzo ni kiuno na mabega ya mama mmoja nisiyemjua.

Mimi ni fundi wa mafriji, mwaka wa ishirini na sita huu. Nimepoza bucha, nimepoza hoteli, nimepoza hata chumba cha maiti. Sasa chuo kikuu kimenipa mkataba wa muhula mmoja nifufue mtambo wa kugeuza gesi ya heli iwe maji. Heli ni gesi ileile ya kujazia maputo. Mtambo umelala miaka kumi na moja na panya wamezaa ndani ya waya.

Mwenye maabara ni profesa mmoja mwanamke, mfupi, anastaafu mwisho wa muhula. Nimefika na mabuti yangu, akanizuia mlangoni.

"Fundi, karibu. Viatu tafadhali."

"Viatu vimefanya nini, Mama?"

"Vinatikisa sakafu."

Nimeshinda kutwa na soksi kama mgonjwa wa wodini. Soksi ya kushoto ina tundu. Chuo kizima kinamwita Mama Soksi, nimeambiwa na mlinzi wa getini.

Jumanne, 3 Machi

Nimebadilisha mikanda ya kompresa. Joto kali. Mvua hakuna.

Ijumaa, 6 Machi

Leo nimefunga mlango kwa kishindo. Loo! Mama Soksi hakupiga kelele, angepiga ningemjibu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kabati la pembeni, akalifungua kidogokidogo. Ndani kuna vichupa vitano vya kioo, vimekaa juu ya jiwe, jiwe limekaa juu ya mchanga, mchanga uko ndani ya mpira wa gurudumu la gari. Kila kichupa kina maji ya rangi na nyaya mbili zinazopitisha umeme kiduchu mno. Kwenye ncha ya waya mmoja pamestawi kitu cheusi, kama ncha ya sindano iliyokatika.

"Hizo ni fuwele zangu," akasema. "Zinakua wiki tatu. Ukitikisa mlango, zinaota zimepinda."

Nikamuuliza ni chuma gani. Akacheka. Si chuma, ni kitu cha kaboni, ndugu yake plastiki na rangi za nguo. Lakini kinapitisha umeme kama shaba.

Plastiki inayopitisha umeme! Mimi plastiki naizungushia waya ili umeme usinirushe.

Alhamisi, 12 Machi

Kompresa inaunguruma sawasawa. Wakati wa chai Mama Soksi amenieleza kisa chake, nami nakiandika kabla hakijanitoka.

Humu ndani digrii huhesabiwa kuanzia chini kabisa, pale ambapo baridi inakwisha na haiwezi kuzidi. Kwa hesabu hiyo barafu ya friji iko digrii mia mbili sabini na tatu, ni joto tupu. Miaka kumi na moja iliyopita Mama alipoza fuwele yake hadi digrii moja na ushei, na ukinzani ukatoweka. Haukupungua, ulitoweka. Umeme ukapita bila kuzuiwa na chochote. Akaandika kwenye jarida, watu wakampongeza.

Kisha maabara moja ya ng'ambo ikaotesha fuwele hiyohiyo, ikapoza, ikaona kinyume. Kwenye digrii sita umeme ulikwama kabisa. Ndani ya fuwele elektroni zilikuwa zimejipanga kama visumaku, moja juu, moja chini, hazisogei. Wakaandika kwa adabu kwamba huenda nyaya za Mama ziligusana ndiyo maana hakuona ukinzani. Mwezi huohuo mtambo wake wa heli ukafa. Hakuweza kurudia, na chuo hakikuona haja ya kutengeneza.

Sasa jarida linapanga toleo la kusafisha makosa ya zamani. Limemwandikia: rudia kipimo kabla ya tarehe kumi na tano Mei, au andika kwamba ulikosea.

"Na wewe unaamini ulikosea, Mama?"

"Mimi naamini nilichokiona," akasema. "Lakini hata anayeota huona."

Nimerudi nyumbani nimekasirika kwa ajili ya mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa ananivua viatu.

Jumatatu, 16 Machi

Mafuta ya pampu yamevuja. Nimeshonewa soksi.

Jumanne, 24 Machi

Leo fuwele zimetolewa. Vichupa vitano vimetoa fuwele tatu nzima, kila moja fupi kuliko punje ya mchele. Kila moja inafungwa nyaya nne za dhahabu nyembamba kuliko unywele wangu, na gundi nyeusi ya kaboni.

Nimekaa nyuma ya hadubini ya pili nikitazama mikono yake. Ana miaka sitini na nne, na ile mikono haitetemeki. Kijiti chake cha kupakia gundi ni kijiti cha meno chenye kope yake mwenyewe imebandikwa nchani. Anavuta pumzi, anaiweka, anashusha waya, ndipo anapumua. Waya mmoja dakika arobaini. Ukianguka anasema "haya," anaanza upya, bila hata kusonya. Mimi huwa nasonya nikikosa skrubu mara moja.

Nimemwambia mke wangu, ambaye hutunga uzi kwenye sindano huku anazungumza na wateja watatu. Akashusha sindano. "Kope?" akauliza. "Kope," nikamjibu. Akasema angependa kumwona mama huyo.

Jumatano, 1 Aprili

HELI IMEKUWA MAJI! Saa nane na robo mchana. Mama Soksi ameshika kichwa, kisha amenishika mimi, kisha tumeruka wote wawili na soksi zetu. Mwalimu wa chumba cha chini amekuja kuuliza kama kuna msiba.

Jumanne, 7 Aprili

Fuwele ya kwanza imekwenda. Tuliishusha ndani ya mtungi wa baridi tangu saa mbili asubuhi. Kwenye digrii tisini umeme wa chuo ukakatika, pampu ikasimama, na uliporudi nyaya mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Haya," akasema Mama Soksi.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua imeanza. Paa la korido linavuja ndani ya ndoo mbili.

Jumatano, 15 Aprili

Leo nimefanya jambo la kipumbavu. Nitaliandika lilivyo, maana humu hakuna anayesoma.

Fuwele ya pili iliingia mtungini alfajiri. Saa tano tulikuwa tumefika digrii arobaini. Kuanzia hapo hadi kumi na tano Mama ana sheria yake: digrii moja kwa dakika kumi. Ni saa nne na dakika kumi za kushika koki ya heli na kuilegeza kama unayefungua mlango wa mtoto aliyelala. Anasema fuwele ikipozwa haraka hupasuka. Kompyuta yake kuukuu huchora ukinzani kwa kila digrii, lakini saa haichori. Saa inaandikwa kwa mkono kwenye daftari la maabara, kila dakika kumi, na anayeshika koki.

Saa tano na dakika tano akaitwa na mkuu wa idara kuhusu kufungwa kwa chumba chake. Akanipa koki.

"Unajua mwendo wetu, Fundi."

"Najua, Mama."

Nilijua. Lakini geji ya heli ilikuwa inashuka, na mimi ile heli naijua jasho lake. Miaka ishirini na sita friji nzuri kwangu ni ile inayopoza upesi. Nikajiambia kwamba ninaokoa heli. Na niseme ukweli wote, tumbo lilikuwa linanguruma, na kule kantini chakula kikipoa hakiliki. Nikafungua koki. Kutoka arobaini hadi kumi ikashuka kwa dakika tano, labda nne. Fuwele haikupasuka. Nikajisifu.

Kisha nikateremka mbele kidogo, na kwenye digrii sita ule mstari kwenye kompyuta ukapanda. Ukapanda, ukapanda, ukatoka juu ya kioo. Umeme umekwama. Kilekile walichokiona wa ng'ambo.

Nikaingiwa na hofu. Nikachukua kalamu, nikaandika arobaini, thelathini na tisa, thelathini na nane, kila moja na dakika zake kumi, hadi kumi na tano, kwa mwandiko mzuri. Kisha nikaenda kula, na chakula sikukimaliza.

Mkutano ulichukua saa nyingi. Mama alirudi saa kumi kasoro. Akatazama mstari. Akasoma daftari, mstari kwa mstari, kwa kidole. Akakagua nyaya, hazijagusana.

"Umefanya kazi safi, Fundi," akaniambia. "Basi wao ndio waliokuwa sahihi."

Akakaa kwenye kiti na kufunga macho. Nikaenda kukagua mafuta ya pampu, ambayo hayakuwa na tatizo.

Alhamisi, 16 Aprili

Mama Soksi anaandika barua kwa jarida. Nimeona mstari wa kwanza nilipopita na bisibisi: "Napenda kukiri kwamba." Fuwele bado iko mtungini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Leo Mama ameingia na viatu. Hakugundua mwenyewe.

Jumapili, 19 Aprili

Mke wangu ameniuliza mara tatu nina nini. Mara ya nne amezima cherehani, akageuza kiti.

Nikamwambia yote. Nikamwambia pia sababu zangu: kwamba labda matokeo yangekuwa yaleyale tu, kwamba heli ilikuwa inaisha, kwamba nikisema nitavunjiwa mkataba na ada ya shule haijatimia. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwaka ule nilipoharibu gauni la bi harusi," akasema, "nilikata kiuno kidogo mno. Nikanyamaza. Alipokuja kulijaribu halikufunga, akalia, akasema amenenepa. Akaacha kula wiki nzima, nami namtazama tu. Mpaka leo nikikutana naye njiani navuka upande wa pili." Akawasha cherehani. "Huyo mama wa kope anajiona amenenepa, na wewe ndiye mwenye mkasi."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Naona haya, jamani. Naona haya kweli.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemkuta anabandika stempu kwenye bahasha. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakapotea.

"Mama, usiitume. Ile Jumatano sikupoza polepole. Niliachia koki. Zile saa nilizoandika ni za uongo."

Alivua miwani.

"Nambari zote?"

"Kuanzia arobaini hadi kumi na tano. Zote."

"Fundi, umeniumiza," akasema. Sauti haikupanda. "Siku tano najiita mwongo mbele ya kioo. Siku tano! Miaka kumi na moja wameniambia nimekosea sikuamini, ukaja wewe na mwandiko wako mzuri nikaamini."

Ningetamani anitukane. Nilisimama tu na soksi zangu zilizoshonwa, machozi yakanitoka, mtu mzima. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara kurudisha mkataba.

Alikuwa ameshaanza kutazama pembeni, kule kwenye ubao.

"Ilishuka kwa dakika ngapi?"

"Tano, Mama. Labda nne."

"Kutoka arobaini?"

"Hadi kumi."

"Na haikupasuka?"

"Haikupasuka. Nilisikiliza."

Akainuka. Akaenda hadi dirishani, akarudi. Akaenda tena. Kisha akasema polepole, kama anayeogopa kulimwaga wazo, "Wale wa ng'ambo mtambo wao ni wa kisasa. Wameuandika kwa fahari kwenye makala yao. Unapoza upesi sana." Akanikodolea macho. "Mimi sijawahi kupoza haraka, kwa kuogopa kupasua. Wao labda hawajawahi kupoza polepole, ya nini kujichelewesha? Fundi, hakuna aliyewahi kufanya yote mawili kwa fuwele moja!"

Akanivuta hadi chumba cha mihadhara, kitupu, akaanza kuburuta viti. Ndani ya fuwele, alinieleza, kuna vipande vya chumvi, vilivyotoka kwenye yale maji ya vichupani, vinavyoweza kuelekea upande huu au ule, kama viti hivi. Karibu na digrii ishirini na nne vinataka kujipanga, kimoja huku, kingine kule, zamu kwa zamu. Ukivipa muda, vinajipanga, na elektroni zinapita. Ukipoza ghafla vinaganda vilivyo, ovyoovyo, na elektroni nazo zinajifunga kuwa visumaku na kugoma. Tulipanga viti sitini. Alikuwa anaburuta kwa kelele, yeye aliyenikanya kufunga mlango.

"Lakini hayo ni maneno," akasema huku akihema. "Kesho tutaona. Na mkuu wa idara utamwona baadaye, sasa hivi nina haja na mkono wako."

Kisha akanirudisha kwenye daftari la maabara. Sheria ya humu ni kwamba hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Kosa linapigwa mstari mmoja, ili lisomeke, na aliyekosea anaandika ukweli pembeni na kutia sahihi. Nimepiga mistari ishirini na sita. Nimeandika: "Si kweli. Koki iliachiwa, dakika nne hadi tano." Sahihi. Yeye alikuwa amenishikia rula.

Jumanne, 21 Aprili

Heli iliyobaki: ya kupoza mara moja polepole na mara moja haraka, mradi tusimwage. Fuwele ni ileile, nyaya zilezile, tumeipasha joto hapohapo mtungini.

Tulianza alfajiri na mvua inapiga dirishani. Saa nne na nusu tulifika arobaini. Nilidhani atashika koki yeye, na ni haki yake. Akakaa kwenye kompyuta, akanielekezea koki kwa kidevu.

Digrii moja kwa dakika kumi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Thelathini na tano. Thelathini. Mgongo unauma. Kwenye ishirini na nne Mama alisogeza kiti karibu na kompyuta. Umeme ulipepesa mara moja, ukatulia. Ishirini. Kumi na tano saa nane na dakika arobaini. Tukaenda hadi sita, pale uliporuka Jumatano ile. Mstari haukuruka. Ukaendelea kulala. Nikawasha pampu ya kuvuta mvuke, baridi ikazidi, nne, tatu, mbili.

Kwenye moja na robo mstari ukaanguka. Uligusa sifuri ukabaki pale, umenyooka. Mama akabadilishana nafasi za nyaya mbili za nje ya mtungi. Sifuri. Akageuza mwelekeo wa umeme. Sifuri.

Aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta, kama unavyompima mtoto homa. "Habari za miaka mingi," akaiambia. Nilijifanya natazama geji.

"Sasa, Fundi," akasema akijipangusa uso, "tufanye upumbavu wako, kwa sahihi."

Tukapasha hadi arobaini na tano, nikaachia koki. Dakika nne na sekunde ishirini, nimehesabu na saa. Kwenye digrii sita mstari ukapanda ukatoka juu ya kioo. Kitu kilekile kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele, mchana kinapitisha kila kitu, jioni hakipitishi chochote. Hakijabadilika hata chembe, tofauti ni jinsi tulivyokifikisha.

Heli imebaki kijiko.

Jumatano, 22 Aprili

Ile barua ya kukiri ameichana. Ameandika mbili mpya. Ya jarida ndefu, yenye michoro yote miwili. Ya maabara ya ng'ambo ni fupi, amenisomea kwa sauti: "Hamkukosea. Mimi pia sikukosea. Naomba mniambie jambo moja tu: mlipoza kwa muda gani kutoka arobaini hadi kumi na tano? Naambatanisha fuwele yangu ya mwisho. Tafadhali ipeni saa nne."

Fuwele ya tatu imesafiri ndani ya kibati cha vifungo cha mke wangu, juu ya pamba. Mke wangu amekileta mwenyewe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Kwa mkuu wa idara tumekwenda pamoja. Mama akasema, "Fundi alidanganya, akasema ukweli, na yote mawili yamo daftarini." Mkataba unaendelea hadi mwisho wa muhula, na onyo la maandishi. Nimestahili.

Ijumaa, 1 Mei

Hakuna barua. Vichupa vipya vimo kabatini. Tunatembea kama wezi.

Jumatano, 6 Mei

Hakuna barua.

Jumatatu, 11 Mei

Imekuja. Mama amenipa niisome mimi, eti miwani imepotea, nayo imo kichwani kwake.

"Mheshimiwa Profesa, tulipoza kwa dakika tatu. Wiki iliyopita tulipoza fuwele yako kwa saa nne, na sisi tumeona ulichokiona. Tumeliandikia jarida leo. Tunakuomba radhi kwa miaka kumi na moja."

Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili aliniomba nisome "dakika tatu" peke yake.

Ijumaa, 15 Mei

Siku yake ya mwisho. Walimpa hotuba na saa ya ukutani. Mkuu wa idara alisimulia mambo ya fuwele, akayakosea, Mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Nilidhani tutafunga mtambo. Kumbe kichupa kimoja kilikuwa kimetoa fuwele nzuri, na mimi nilikuwa nimekusanya heli ya mara moja. Saa nne asubuhi tulikuwa kwenye arobaini. Mke wangu alikuwa amemletea gauni la zawadi, kiuno sawasawa, na wawili hao walitaka kunywa chai nje, mvua imekatika.

Mama Soksi akafungua daftari la maabara. Akafunua hadi ule ukurasa wenye mistari yangu ishirini na sita, akautazama kidogo, akageuza hadi ukurasa mweupe, akaweka kalamu juu yake.

"Unajua mwendo wetu, Fundi."

"Najua, Mama."

Akavaa viatu vyake akatoka. Nilimsikia akicheka na mke wangu chini ya dirisha, habari za kope na sindano. Arobaini. Thelathini na tisa. Thelathini na nane. Saa nne na dakika kumi nimeshika koki, na hakurudi kuchungulia hata mara moja.